Mtungi Chini ya Mwarobaini

Gari ya baba iliungua gasketi tarehe 27 Desemba 2019, kabla kidogo ya kufika Matsangoni, na aliyeiunguza ni mimi. Nimeanza na sentensi hiyo makusudi. Ilinichukua miaka miwili kuitamka, na nikiiacha mpaka mwisho najijua, nitatafuta njia ya kuizunguka.

Gari yenyewe ni Peugeot 504, pikapu nyeupe ambayo namba yake inaanza na KAB. Kwa sisi tuliozaliwa miaka ya tisini, 504 ni gari ya hadithi za wajomba. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na nyingi zilizokuwa barabara za Kenya ziliunganishwa hapa hapa Mombasa. Wazazi wetu walikuwa hawasemi wamepanda teksi ya abiria, walikuwa wanasema wamepanda Peugeot, na kila mtu alielewa: mmebanana, mizigo iko juu, dereva hana mzaha. Siku hizi sheria hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, kwa hiyo wazee kama hii yetu hawaletwi tena. Waliobaki ndio hao hao, wanatibiwa, wanarudi barabarani.

Baba alianza kama utingo miaka ya themanini, wakati hakuna daraja Kilifi. Daraja lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo, ukitoka Malindi kwenda Mombasa, kilomita kama 120, lazima ungoje feri uvuke mkono wa bahari. Kazi yake ya kwanza kwenye foleni ile ilikuwa maji. Anashuka na debe, anazunguka mbele, anasikiliza. Alikuwa akituambia gari haichemki sana ikiwa mbioni, inachemka ikisimama na injini inawaka. Ikikimbia inajipatia upepo. Ikisimama haina kitu isipokuwa feni yake, na feni ya Peugeot nyingi za zamani hushikwa na sumaku ya umeme: maji yakipata moto, sumaku inavuta, feni inazunguka. Waya ukikatika au brashi ikiisha, feni inabaki inaning'inia tu kama pambo. Aliona gari nyingi zikifia kwenye foleni ile, jua la saa saba, abiria wamekaa chini ya miembe wanakula mabuyu.

Kwa hiyo baba ana tabia zake. Asubuhi kabla ya chai anafungua boneti. Injini ikiwa baridi, anazungusha kifuniko cha rejeta, anatumbukiza kidole, anakiangalia kidole. Anabonyeza mipira ya maji, wa juu na wa chini, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Anavuta mkanda wa feni kwa kidole gumba. Halafu anaangalia mchanga chini ya gari kama kuna tone. Yote hayo dakika tano. Utotoni nilidhani ni aina ya sala.

Na ana mtungi. Mtungi wa manjano wa lita 20, uliwahi kuwa wa mafuta ya kupikia, mpini wake umeshonwa kwa waya. Unakaa nyuma ya pikapu, kona ya kushoto, umefungwa kwa kamba ya mkonge. Maji yake ni ya mvua au ya mfereji, kamwe si ya kisima. Visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvi. Ukiyachemshia chai mwezi mmoja, sufuria inafanya ukoko mweupe usiotoka hata kwa mchanga. Baba anauliza swali moja tu kwa kila dereva kijana: "Kama sufuria iko hivyo, rejeta je?" Rejeta ina vijinjia vyembamba vya kupitisha maji, vyembamba kuliko mrija wa soda. Ukoko ukijenga humo, maji yanazunguka kwa shida, joto halitoki. Huioni siku ya kwanza wala ya mia. Siku unayoiona umechelewa.

Haya yote nilikuwa nayajua. Naomba hilo likumbukwe.

*

Desemba hiyo nilikuwa nimemaliza chuo, nina miaka 23, nimerudi nyumbani Malindi nangoja kazi ambayo haikuwa inaniita. Rafiki zangu wawili wa chuo walishuka kutoka Nairobi kuja kula sikukuu. Walitaka kwenda Kilifi, kulikuwa na sherehe za mwaka mpya, wenzetu wengine walishafika na wamekodi nyumba. Siku hiyo hiyo baba alikuwa na kreti 30 za maembe ya ngowe za kufikisha kwa mteja wake Kilifi kabla ya saa sita. Mgongo ulikuwa unamsumbua. Nikasema mimi nitapeleka. Leseni ninayo, na aliyenifundisha kuendesha ni yeye mwenyewe, gari hiyo hiyo, barabara ya mchanga nyuma ya shule.

Akanipa ufunguo. Akasema, "Ukifika Mida simama. Robo saa. Usifungue kifuniko, angalia tu kama panavuja. Na leo kaskazi iko nyuma yako."

Kama hujaendesha gari nzee pwani, hilo la kaskazi litakupita. Desemba mpaka Machi upepo unatoka kaskazini mashariki. Ukitoka Malindi kushuka Kilifi, upepo unakusukuma mgongoni, unaenda na wewe. Gari inakimbia lakini rejeta inapata upepo kidogo kuliko ungedhania. Ukirudi Malindi, upepo huo huo unakupiga usoni na injini inatulia. Baba husema safari ya kwenda ndiyo ya kuogopa, ya kurudi inajirudia yenyewe.

Nikaitikia, "Sawa baba."

Halafu nikazunguka nyuma kupakia mabegi ya wageni. Kreti zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni. Begi moja kubwa la magurudumu lilikuwa halina pa kukaa. Nikaangalia kona ya kushoto. Nikafungua ile kamba ya mkonge, nikashusha mtungi, nikauweka chini ya mwarobaini, nikapandisha begi. Nilijiambia barabara ni lami mpaka Kilifi, sio safari ya jangwani, kila kituo kuna duka la maji.

Tukabanana watatu mbele. Vioo chini. Msabaha, Gede, watu wametoka na nguo mpya za Krismasi. Mmoja wa rafiki zangu alikuwa anarekodi kwa simu, anacheka, "Hii gari si ni ya makumbusho kabisa!" Hakuwa na ubaya, alikuwa anaipenda kweli. Lakini nilisikia kitu kikinichoma. Miaka minne chuoni sikuwa nimewahi kusema baba anafanya kazi gani. Nilikuwa nasema "yuko kwa biashara ya matunda," na watu wakajichorea kampuni. Sasa biashara yenyewe ilikuwa inatetemeka chini yetu, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Mida nilipaona. Nilipunguza mwendo kabisa, nikaweka mguu kwenye breki. Aliyekuwa katikati akauliza, "Tunasimama? Kwani imeharibika?"

Nikasema, "Hapana, iko sawa." Nikakanyaga mafuta.

*

Nikueleze kilichokuwa kinaendelea chini ya boneti, maana wakati ule nilikuwa najifanya hakuna kitu.

Petroli inayoungua ndani ya injini, robo yake hivi, au zaidi kidogo, ndiyo inayosukuma gari. Kilichobaki ni joto. Lingine linatoka kwa ekzosi, lingine lazima lichukuliwe na maji yanayozungushwa na pampu, yapitie kwenye injini, yaende kwenye rejeta, yapulizwe, yarudi. Mtu akikuambia gari inatumia mafuta, ujue sehemu kubwa ya mafuta hayo ni moto ambao maji yanauhamisha usikuue. Maji ya sufuria yanachemka nyuzi 100. Ya kwenye rejeta iliyofungwa sawasawa yanabanwa na kifuniko, kwa hiyo hayachemki mpaka yapite hapo kwa nyuzi kadhaa. Kifuniko kile cha kuzungusha kinachoonekana kama cha chupa ya jemu ndicho kinachokupa nafasi hiyo. Mpira wake ukichoka, nafasi inapotea.

Yetu ilikuwa na tundu dogo kwenye mpira wa chini, dogo kama la pini. Kwa mwendo wa kawaida lilikuwa linatoa tone moja moja, na baba alikuwa akilijua. Ndiyo maana ya robo saa ya Mida. Ungelikuta umande chini ya mpira, ungeongeza maji injini ikipoa, ungeendelea. Na mzigo wa kreti 30 na watu watatu, na jua lile, na kaskazi mgongoni, tone liligeuka uzi.

Sindano ya joto ilikuwa katikati tulipotoka Gede. Baada ya Mida ikapanda, robo tatu. Nikajiambia ni kimlima. Hakuna mlima pale. Ikapanda tena, ikagusa mstari mwekundu. Nilikuwa naiona kwa kona ya jicho, na kwa jicho zima nilikuwa naangalia barabara kwa bidii sana, kama mwanafunzi asiyetaka kuulizwa swali.

Halafu sindano ikashuka. Haikushuka pole pole. Ilianguka mpaka upande wa baridi, ikalala.

Nilishusha pumzi mpaka wakanisikia. Nikasema kwa sauti, "Imepoa yenyewe." Tukaongeza redio. Tuliimba, nakumbuka vizuri, dakika tatu au nne hivi, na hizo ndizo zilizoiua.

Kwa sababu ile sindano haipimi injini. Inapima maji yanayogusa senza. Maji yakiisha, senza inabaki kwenye mvuke na hewa, haina cha kupima, sindano inaanguka. Gari inakuonyesha baridi wakati ndani kunawaka kuliko wakati wowote.

Kwanza nguvu ilipungua. Nakanyaga, haiendi. Ikaanza kugonga, kama mtu anayepiga mlango kwa sarafu. Kisha moshi mweupe mbele ya kioo, na harufu ya chuma na rangi. Nikasogea pembeni, ikazima kabla sijaizima.

*

Watu walikusanyika, si unajua barabara zetu. Vijana wawili wa bodaboda, mama mmoja anayeuza maji kwa madebe, watoto. Kila mtu ni fundi. Mmoja akasema nipasue yai ndani ya rejeta, litaziba. Mwingine akasema bizari. Zote hizo nimewahi kuziona zikifanywa, na ni kweli zinaziba tundu dogo kwa saa moja mbili, halafu zinaziba na njia za rejeta pia. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye baiskeli akasema tu, "Mwanangu, ngoja. Nusu saa. Iache kwanza." Huyo ndiye aliyekuwa fundi, na huyo ndiye sikumsikiliza.

Rafiki zangu walikuwa wamesimama kivulini. Mmoja alikuwa anaangalia saa kwenye simu. Nilitaka tu iishe.

Nilivua shati la juu, nikalifunika kwenye kifuniko, nikazungusha. Nilikuwa nimekatazwa kufanya hivyo tangu nina miaka saba. Mvuke ulitoka kwa kishindo, nikarusha mkono, lakini ulinipata kifundoni. Kovu liko, linafanana na ramani ya nchi ambayo haipo. Na hata hapo sikuacha. Nilinunua debe la yule mama, maji ya kisima, ya baridi, ya chumvi, nikayamimina yote.

Ikafanya *tak*. Sauti ndogo, kavu. Mzee wa baiskeli alitikisa kichwa, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Nikampigia baba. Hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko ile ya injini. Nilisema, "Baba, gari imezima njiani. Hata sindano ilikuwa chini."

Kila neno lilikuwa la kweli.

Rafiki zangu walipata matatu. Waliniuliza kama wabaki, nikawaambia waende, wakaenda. Siwalaumu, na sikuwaambia mkono unauma. Mteja wa Kilifi alipiga simu mara nne. Kufikia saa nane maembe ya juu yalikuwa yanatoa harufu tamu ya kuoza, nikayauza kando ya barabara kwa bei ya kutupa.

Baba alikuja na boda kutoka Malindi. Nilimwona akiwa mbali, na nikaona amekumbatia kitu cha manjano mapajani. Alikuwa amekuja na mtungi.

Hakusema kitu kuhusu mtungi. Alishuka, akasalimia watu waliobaki, akafungua boneti. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakiangalia juani. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vina njia zao tofauti ndani ya injini. Vikikutana, maana yake ukuta kati yao umeanguka. Akakirudisha kijiti taratibu, akafuta vidole kwenye suruali.

Akasema, "Lete mkono."

Nikampa. Akafungua mtungi akanimiminia yale maji ya mvua kwenye kifundo, kidogo kidogo, muda mrefu, mpaka tope likafanyika miguuni mwetu. Gari haikuwa na haja nayo tena.

"Pole, mwanangu," akasema. Tukangoja gari ya kutuvuta.

*

Gereji yake iko Malindi, mtaa wa Barani, kivulini mwa miti, haina kibao. Fundi wake wamejuana tangu siku za feri. Waliinua hedi ya injini siku iliyofuata, nami nikiwa pale na bendeji. Injini hii bloku yake ni chuma, hedi ni alumini. Alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma; ikimwagiwa baridi ghafla inajikunja. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akainua kwenye mwanga, akaniita niangalie. Katikati kulikuwa na mwanga unaopita, mwembamba kama ukucha.

"Hii imekimbia bila maji," akasema. "Na halafu ikamwagiwa." Hakuniangalia aliposema. Baba pia hakuniangalia. Wote wawili walikuwa wanaangalia ule mwanga.

Hedi ilipelekwa Mombasa kusawazishwa. Ilirudi, ikaonekana ina ufa karibu na vali, ikatafutwa nyingine kuukuu. Rejeta ilifunguliwa, ikasuguliwa ndani, ikachomelewa kwa risasi. Hilo ndilo zuri la rejeta za zamani za shaba, zinakubali dawa. Hizi za sasa za alumini na plastiki zikipasuka unanunua nyingine. Kijana mmoja wa gereji alishauri watoe na themostati kabisa. "Pwani kuna joto, hicho ni kitu cha Ulaya." Utasikia ushauri huo kila gereji kutoka Lamu mpaka Vanga. Baba alikataa. Alimwambia joto la Malindi ni nyuzi 32, injini inataka kufanya kazi kwenye 80 na kitu. Themostati inafunga maji mpaka injini ifike pale, halafu inafungua. Ukiitoa, injini inakunywa mafuta, inakula oili, na siku rejeta ikianza kuziba hutajua, kwa sababu ulishazoea sindano iliyolala chini.

Aliposema sindano iliyolala chini, niliondoka nikaenda kununua maji ya kunywa.

Jumla ilikuwa shilingi 38,000. Alizipata kwa kuuza mbuzi na kukopa kwenye chama. Vipuri vilichelewa. Januari ikapita, Februari ikapita. Huo ndio msimu wa maembe, na ndio msimu wa wageni Watamu na Malindi. Anachokipata miezi hiyo ndicho kinachotubeba mpaka katikati ya mwaka. Wateja wake walitafuta pikapu nyingine. Mdogo wangu aliingia kidato cha tatu bila karo, akarudishwa nyumbani mara mbili. Jioni baba alikuwa anakaa chini ya mwarobaini na mtungi wake pembeni, hana pa kuufunga.

Gari ilitoka gereji tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kufikia tarehe 8 Aprili kaunti ya Kilifi ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka, sawa na Mombasa na Kwale. Pikapu nyeupe, injini mpya kabisa, ikakaa uani. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua boneti, akatumbukiza kidole, akakiangalia kidole.

Watu walisema korona ndiyo iliyommaliza. Nami nilikuwa naitikia, korona kweli imewamaliza wengi. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu. Angeingia Machi ile na pesa za Januari na Februari mfukoni.

*

Septemba 2020 nilipata kazi Nairobi, mshahara wa kuanzia. Mwezi wa kwanza nikamtumia baba 2,000 kwa simu. Nikamwandikia, "Ya sukari, baba." Mwezi wa pili tena 2,000. Sikuwahi kuruka hata mmoja. Moyoni nilikuwa na daftari, nilikuwa napunguza kutoka 38,000, na nilijiona mjanja sana: nitalipa lote, deni litakwisha, na hakuna atakayelazimika kusema chochote.

Nikija nyumbani, ufunguo wa gari hakunipa tena. Hakukataa. Nikisema, "Nikupeleke sokoni, baba?" anajibu, "Aah, nitaenda mwenyewe," na anaenda. Nilidhani ananiadhibu kwa sababu ya injini.

Desemba 2021 nilirudi kwa Krismasi. Tarehe 27 akawa na mzigo wa Kilifi, akaniambia nimsindikize. Alikuwa anaendesha yeye. Tulipofika Mida alisimama, akazima, akashuka, akakaa kwenye jiwe chini ya mti. Nikashuka nami. Kulikuwa kimya, injini inafanya zile sauti zake za kupoa, *tik, tik*. Kaskazi ilikuwa inavuma mgongoni kwetu.

Nikasema, "Baba, siku ile sikusimama hapa."

Akasema, "Mm."

"Na sindano niliiona ikipanda. Niliiona mpaka kwenye nyekundu. Halafu iliposhuka nikajifanya imepona. Na mtungi niliushusha mimi, nilitaka nafasi ya begi."

Alikuwa anakwaruza mchanga kwa kijiti. "Mtungi niliukuta chini ya mwarobaini nusu saa baada ya nyinyi kuondoka," akasema. "Nikakupigia. Hukushika."

Sikuwa nimewahi kujua kwamba alipiga. Redio ilikuwa juu.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

Alifikiri. Baba si mtu wa hotuba. "Gari kuchemka inachemka," akasema. "Mimi mwenyewe nimeunguza mbili za watu nikiwa kijana. Lakini dereva akiniambia sindano ilikuwa chini, na sijui kama ni kweli, siwezi kumpa gari. Si hasira. Sitajua tu inachemka lini."

Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo, upande wa bahari ambako haonekani mtu. Yeye aliinuka, akapita mbele ya gari, akainama, akaangalia chini ya mpira. Hapakuwa na umande. Akafungua mlango wa dereva, halafu akazunguka, akaingia upande wa abiria.

Ufunguo ulikuwa kwenye swichi.

Niliendesha kutoka Mida mpaka Matsangoni nikiangalia sindano kuliko barabara, mpaka akaniambia niangalie mbele, ng'ombe hawaonekani kwenye geji. Katikati. Ikabaki katikati. Tulipita pale penyewe, yule mama bado anauza maji, amezeeka kidogo, au ni mwingine.

Tulipokaribia Tezo nilidhani amelala. Kofia ilikuwa imefunika macho. Nikapunguza redio.

"Hizo 2,000 za sukari," akasema chini ya kofia. "Ni za gasketi, sivyo?"

Nikanyamaza.

"Mwezi huu ni ya kumi na sita," akasema. "Imebaki elfu sita."